KARANI NI NANI?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Tunayachapisha kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo na hawakuweza kufika.)



Ofisi ya chama imepokea barua mbili katika mwezi mmoja, nazo zaelekea kuuliza jambo moja ingawa waandishi wake hawajuani.

Barua ya kwanza ilitoka kwa ndugu afanyaye kazi ghalani. Asema kwa miaka minne yeye ndiye aandikaye bidhaa zikiingia, ndiye aandikaye zikitoka, na jioni ndiye ahesabuye kabla ya mlango kufungwa. Mzigo mmoja ukikosekana, haitwi mpagazi wala dereva, huitwa yeye. Lakini barua yake ya kazi yasema ni kibarua wa kawaida, na mshahara wake ni wa kibarua wa kawaida. Alipouliza, aliambiwa: “Wewe si karani. Karani anakaa ofisini.”

Barua ya pili ilitoka kwa dada aliyefanya kazi ya ukarani miaka mingi. Mwanzoni mwa mwaka aliitwa na mkubwa wake, akapewa barua mpya, akapewa mkono wa hongera. Sasa wewe ni ofisa, aliambiwa. Meza ni ileile, kazi ni ileile, saa ni zilezile, mshahara haukupanda hata shilingi moja. Mwisho wa mwezi aliona ada ya chama haikukatwa. Alipouliza, alijibiwa ya kuwa maofisa hawana chama.

Mnaona wenyewe. Mmoja ananyimwa jina la karani asipate haki yake, na mwingine ananyang'anywa jina hilohilo asipate haki yake. Basi halmashauri iliona ni vizuri tulieleze neno hili tangu mwanzo wake, maana neno lililobeba mshahara wa watu halifai kuachiwa upande mmoja ulitafsiri utakavyo.

Twende kwanza baharini, kwani huko ndiko lilikotoka. Watu wa pwani wajua ya kuwa chombo kikubwa kilikuwa na nahodha, kilikuwa na rubani, na kilikuwa na karani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa katika karne ya 14, ameandika habari za Dhofar, nchi ambayo leo ni sehemu ya Oman. Asema meli ikifika huko kutoka India au kwingineko, watumwa wa sultani waliiendea kwa sambuki wakichukua mavazi kamili ya kuwapa watu watatu: mwenye chombo au wakili wake, na rubani, na karani, ambaye ndiye mwandishi wa chombo. Tena Abul Fazl, aliyekuwa mtu mkubwa katika serikali ya mfalme Akbar wa India, aliandika karibu na mwaka 1590 kazi za watu wa melini moja baada ya moja. Karani, asema, ni mwandishi atunzaye hesabu za meli na kuwagawia abiria maji ya kunywa.

Hayo maji tusiyapite haraka. Katikati ya bahari hakuna kisima. Maji yakigawanywa vibaya, watu hufa kabla ya kuona nchi kavu. Basi kazi hiyo haikupewa mwenye nguvu, wala mwenye sauti kubwa, ilipewa mwenye kuandika na kuhesabu, kwa sababu aliyekwisha pata kibaba chake ameandikwa na asiyepata ameandikwa. Wachunguzi wa lugha husema neno lenyewe lilitufikia kutoka pande za India na Uajemi kwa njia hiyo ya vyombo. Nalo halikuja peke yake. Nahodha siku hizi yuko katika uwanja wa mpira akiongoza timu, rubani amepanda ndege, na karani alishuka forodhani, akaingia ofisini, hajatoka mpaka leo. Kamusi za zamani bado zamkumbuka wa majini: zinampa karani maana ya mwandishi na tena maana ya mwangalizi wa shehena ya chombo.

Kwa hiyo yule aliyemwambia ndugu yetu kwamba karani anakaa ofisini, amekosea historia. Karani wa kwanza alikaa juu ya magunia.

Kiswahili kilikuwa na maneno mengine ya watu wa kalamu, na kila moja lilikwenda njia yake. Katibu ametoka katika Kiarabu, na leo ni mtu wa chama au wa serikali: katibu wa tawi, katibu mkuu, katibu wa wizara. Mwandishi amekuwa mtu wa vitabu na magazeti. Wenzetu wa Tanzania wana mhazili, yule ambaye hapa Kenya twamwita sekretari. Tarishi ni mpeleka barua. Karani amebaki na kazi yake ya kale, kuandika na kuhesabu mali na watu wa mwingine. Na cheo chake hakiko mahali pamoja. Hapa kwetu mkuu wa watumishi wa Bunge huitwa Karani wa Bunge, na Katiba ya mwaka 2010 imeweka nafasi hiyo kwa kila nyumba ya Bunge. Tanzania mtu wa kazi hiyo ni Katibu wa Bunge. Lakini waliopita nyumba kwa nyumba Tanzania mwaka 2022 kuhesabu watu waliitwa makarani wa sensa, na wengi wao walikuwa vijana waliopata kazi ya siku chache tu. Jina ni moja, toka Bunge mpaka mlango wa nyumba ya makuti. Mtu asitudanganye basi kwamba jina hili ni la wakubwa tu, au ni la wadogo tu.

Sasa tuje kwetu makazini.

Mfanyakazi wa Kenya akipata kazi hasemi nimeajiriwa, asema nimeandikwa. Akiiondoka si kwa hiari yake, asema nimefutwa. Mmewahi kuyafikiri maneno haya mawili? Kuandikwa ni kazi ya kalamu, na kufutwa vilevile. Aliyeandika alikuwa nani? Tajiri alikuwa nyumbani kwake au klabuni. Aliyekaa mezani na daftari, akauliza jina lako na la baba yako na la kijiji chako, akalikosea, nawe ukabaki na jina lililokosewa mpaka uzeeni, alikuwa karani. Asubuhi aliyeita majina alikuwa karani. Mwisho wa mwezi aliyesema siku zako ni 26 na wewe wajua ni 28 alikuwa karani.

Halafu kulikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kukichukua, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Ndani yake kuliandikwa alipoingia kazi, mshahara wake, na alipotoka. Asiyeandikwa kutoka hakuweza kuandikwa kwingine. Alikuwa kama ng'ombe aliyetoroka zizini. Wazee wetu walikichukia kipande kwa haki kabisa. Lakini chuki hiyo, kwa vile tajiri alikuwa mbali, mara nyingi ilimwangukia karani aliyekuwa karibu. Ndiyo maana mpaka leo, mtu wa shamba au wa kiwanda akisema “yule karani”, mwasikia kitu katika sauti yake.

Tusiifunike habari hii. Katika mashamba ya chai mchumaji hulipwa kwa kilo. Amebeba kikapu tangu alfajiri, ameloa umande, afika kwenye mizani, na asomaye mizani ni karani. Akisoma kilo pungufu, jasho la mchumaji limepotea, wala hakuna wa kumrudishia. Wako makarani waliokula kwa njia hiyo, na wako waliotaka chai kabla ya kuandika jina la kijana anayetafuta kazi. Wanachama wengine wamesema mbele yetu, katika mikutano kama huu, kwamba karani hafai kukaa katika chama kimoja na mchumaji. Twawaelewa. Lakini twawauliza: kilo zile zilizopunguzwa kwa amri, si kwa hila ya karani, zilikwenda mfukoni mwa nani? Na karani aliyekataa kuzipunguza, alilindwa na nani siku alipofutwa?

Karani mwenyewe naye alikuwa na deni lake kwa tajiri na kwa serikali. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa, kati ya miaka 1896 na 1901, kazi za kalamu zilishikwa zaidi na watu waliotoka India, pamoja na Wagoa. Mwafrika aliyetoka shule ya misheni aliingia baadaye, chini yao, na mshahara ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Hata mwaka 1948, Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali za Afrika Mashariki, ilishika kanuni kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Mpaka Tume ya Lidbury ilipotoa ripoti yake mwaka 1954 ndipo ngazi hizo za rangi zilipoondolewa katika kazi ya serikali. Watu watatu waliandika hesabu ileile, kwa wino uleule, katika ofisi moja, wakalipwa kila mmoja kwa rangi yake. Hapo karani wa Kiafrika alijifunza kwamba kola safi haikumtoa miongoni mwa wafanyakazi. Tai yake ilikuwa ya kununua mwenyewe, tena kwa mkopo.

Wengine walijifunza mapema. Harry Thuku alikuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi, wakati alipoongoza East African Association mwaka 1921, akipinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Fred Kubai alikuwa mtu wa simu za maandishi katika Posta kabla ya kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Bildad Kaggia alikuwa karani katika ofisi ya D.C. kule Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na baada ya vita akawa karani wa benki. Yeye aliongoza Chama cha Makarani na Wafanyakazi wa Biashara, na mwaka 1952 alikamatwa pamoja na Kubai, wakashitakiwa Kapenguria katika kesi moja na Kenyatta. Angalieni jina la chama kile. Makarani walitajwa kwanza, lakini hawakutajwa peke yao.

Hiyo ndiyo historia. Sasa tufungue sheria, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini kwa sababu ndipo fedha ilipo.

Serikali hutoa Amri ya Mishahara, ile ambayo mara nyingi mabadiliko yake hutangazwa siku ya Mei Mosi. Watu wengi husikia asilimia iliyoongezwa, wakapiga makofi, wakaenda zao. Hawafungui ule ukurasa wenye safu. Ufungueni. Amri hupanga kazi kwa majina, kila safu na kima chake cha chini, tena kima hicho huwa tofauti kwa miji mikubwa, kwa miji ya kiasi, na kwa sehemu nyinginezo. Katika safu ya chini kabisa yuko kibarua wa kawaida, pamoja na mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mlinzi wa mchana na tarishi. Karani mdogo yuko juu kidogo, katika safu moja na mwangalizi wa mashine, na mtu wa dobi la mashine, na wale wa vituo vya petroli. Mpiga taipu wa kunakili yumo katika safu iliyo juu zaidi, pamoja na mwuza duka na dereva wa gari dogo. Karani wa kawaida yuko juu tena, na katika safu yake wamo mtu wa simu, mpokea wageni, na, sikilizeni vizuri, mtunza ghala. Mshika fedha yuko juu yao wote hao, safu moja na dereva wa lori kubwa. Na kwa mashamba kuna amri yake nyingine, nayo pia imemtaja karani wa shamba kwa jina.

Tumeyasema haya kwa kirefu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya yule ndugu wa ghalani. Sheria haikumweka mtunza ghala kati ya vibarua. Imemweka mahali pamoja na karani wa kawaida, safu kadhaa juu ya kibarua. Ikiwa kweli kazi yake ya kila siku ni kupokea, kuandika, kutoa na kuhesabu, basi tofauti ya vima hivyo viwili ni fedha yake, mwezi baada ya mwezi. Tajiri anaweza kumwita kibarua, anaweza kumwita msaidizi, anaweza kumwita “kijana wetu wa ghala” na kumpigapiga begani. Bidhaa zilizoandikwa kwa mkono wake zitasema alikuwa nani.

Sababu ya pili ni ya makarani, na twaomba wasikasirike. Wako makarani wadogo wanaokaa mezani, wamemaliza kidato cha nne, na wanaona haya kukaa benchi moja na dereva au fundi. Ikiwa wataisoma amri hiyo watakuta dereva wa gari dogo amewekewa kima kikubwa kuliko karani mdogo, na mshona nguo amewekwa juu ya karani wa kawaida. Hatusemi hili kuwacheka. Twasema ya kuwa karani amekwisha hesabiwa na serikali kuwa mfanyakazi kama wengine, katika orodha moja na wengine, naye peke yake ndiye hajasoma orodha hiyo, ingawa kusoma ndiyo kazi yake.

Tuje kwa dada yetu aliyefanywa ofisa.

Hila hii si ngeni, ila imeongezeka tangu kompyuta zilipoingia ofisini. Zamani karani alikuwa na daftari kubwa, sote tuliliona. Sasa ana kioo, na kazi ya kuingiza hesabu katika kompyuta imepewa majina mapya mazuri: ofisa wa takwimu, ofisa wa huduma kwa wateja, ofisa wa mauzo, msaidizi wa meneja. Katika mahali pengine ukihesabu maofisa utakuta ni wengi kuliko wanaoongozwa. Meli gani hiyo yenye manahodha 40 na baharia mmoja?

Mwafaka wa kujua nani yuko ndani ya chama na nani yuko nje haukutungwa jana. Mwaka 1962 Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, Shirikisho la Waajiri na serikali walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani, ambao baadaye ulirekebishwa. Wanaowekwa nje ya uwakilishi wa chama wametajwa: wakurugenzi na mameneja wakuu, wakuu wa idara na wa matawi pamoja na manaibu wao, wenye mamlaka ya kuandika na kuadhibu wafanyakazi, wale wanaofundishwa kushika nafasi hizo, masekretari wa binafsi wa wakubwa hao, na wenye kazi za siri kama pande mbili zitakavyokubaliana. Sekretari wa mkurugenzi yuko nje, ni kweli, na hatuna ubishi naye. Barua za kufuta watu hupita mikononi mwake. Lakini someni orodha hiyo mara tatu, hamtaona mahali palipoandikwa kwamba kila aitwaye ofisa yuko nje. Kipimo kikubwa ni mamlaka. Je, dada yetu anaweza kuandika mtu kazi? Hawezi. Anaweza kumsimamisha mtu? Hawezi kumsimamisha hata paka wa jikoni. Ana mtu chini yake? Hana. Ni karani aliyebadilishiwa kofia.

Na kwa nini abadilishiwe kofia? Hesabu yake ni nyepesi. Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mwajiri analazimika kukitambua chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kuwa wanachama. Basi katika mahali penye watu wachache, wakifanywa maofisa saba au wanane katika muda wa mwaka mmoja, kila mmoja kwa barua yake na hongera yake, waliobaki hawana tena nguvu ile. Hakuna aliyefutwa, hakuna kelele, na magazeti hayana la kuandika. Tena saa za ziada huanza kusahauliwa, kwa sababu ofisa, wanasema, hana saa. Lakini Katiba ya nchi, kifungu cha 41, imempa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki katika kazi zake. Haki hiyo haiondolewi na kadi mpya ya mlangoni.

Tena iko Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo wa 2007. Yasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi sharti uwe wa maandishi, na maandishi hayo sharti yaeleze kazi yenyewe ni ipi, si jina tu. Jambo hilo likibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba, na amjulishe kwa maandishi. Kumwita mtu ofisini na kumpa mkono si kushauriana. Na mtu akipewa barua, asiitie sahihi palepale kwa furaha ya cheo. Aseme kwa adabu, “Naomba niisome nyumbani,” kisha aje nayo kwetu. Hata mkubwa mwenye haraka hawezi kusema ni kosa kusoma barua.

Kwa hiyo, mkituuliza karani ni nani, chama chajibu hivi. Karani ni yule ambaye kazi yake kubwa ya kila siku ni kuandika, kuhesabu, kupanga na kutunza kumbukumbu za mali au za watu kwa ajili ya mwajiri, bila kuwa na mamlaka juu ya ajira ya wenzake. Akifanya hivyo kwa kalamu ni karani. Akifanya hivyo kwa kompyuta ni karani. Akifanya hivyo chini ya mti penye mizani, au juu ya magunia, au katika kibanda cha mlangoni akiandika namba za malori, ni karani. Anayeshika daftari mara moja kwa juma kumsaidia mwenzake si karani bado, na hatutamdai tajiri mshahara wa namna hiyo, kwa maana tukidai tusichokuwa na haki nacho, siku tukidai haki hatutasikilizwa.

Swali moja liliulizwa hapa kabla hatujamaliza: je, wale walioletwa na wakala, ambao mshahara wao hutoka kwa wakala lakini hukaa meza moja na makarani wetu na kufanya kazi ileile? Kwa jina la kazi, hao ni makarani kabisa. Ugumu uko katika kumjua mwajiri wao kisheria, nalo ni jambo la mikataba yao, wala si la neno hili. Halmashauri imeomba nakala za mikataba hiyo. Wenye nazo wasiogope, tutaficha majina.

Na sasa kazi ya juma hili. Kila mwanachama wa ghalani, wa mizani, wa mlangoni, na kila aliyepewa jina la ofisa tangu mwanzo wa mwaka jana, achukue karatasi moja. Upande mmoja anakili maneno ya barua yake ya kazi kama yalivyo, bila kuyasahihisha. Upande wa pili aandike, siku kwa siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, kazi alizofanya na saa alizoanza na kumaliza. Asitie chumvi. Atie tarehe, na karatasi zije kwa karani wa tawi kabla ya mkutano ujao. Tayari tumepokea ya ndugu wa ghalani, kurasa tano, mwandiko mzuri kuliko wa ofisi nyingi, na kila mzigo umeandikwa na namba yake.